Gandhi na Mzigo wa Mali

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mohandas Karamchand Gandhi alianza na daftari, akaishia kuitoa mali yenyewe. Safari hiyo haikuwa ya siku moja, wala hakuisafiri peke yake.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 mjini Porbandar, katika pwani ya magharibi ya India. Mwaka wa 1883, angali mtoto, aliozwa Kasturba, naye akiwa mtoto mwenzake. Mwaka wa 1888 alikwenda London kusomea sheria, na huko akapania kuwa muungwana wa Kiingereza. Alishonesha suti ya jioni kwa pauni 10, akanunua kofia ndefu kwa shilingi 19, akalipia mafunzo ya dansi na kununua fidla. Hata hivyo, kila usiku aliandika matumizi yake yote, na hesabu hiyo ndiyo iliyomzindua. Alihamia chumba kimoja cha bei nafuu, akajipikia, na kutembea kwa miguu alikozoea kupanda gari.

Mwaka wa 1893 alisafiri kwenda Natal, Afrika Kusini, kufanya kazi ya uwakili. Meli yake ilitia nanga Lamu, ambako nusura aachwe bandarini, kisha Mombasa na Unguja. Huko Natal alifanikiwa. Alipata wateja wengi na nyumba nzuri mjini Durban. Lakini kadiri kipato kilivyoongezeka, ndivyo alivyozidi kuyapunguza mahitaji yake. Alijifunza kufua na kupiga pasi kola za mashati yake, akachekwa na mawakili wenzake pale wanga ulipomdondoka mahakamani.

Mtihani mkubwa ulimfika mwaka wa 1901, alipojiandaa kurejea India. Wahindi wa Natal, kwa kumshukuru kwa kuwatetea, walimpa zawadi za dhahabu, fedha na almasi. Miongoni mwazo ulikuwamo mkufu wa dhahabu wenye thamani ya gini 50, aliopewa Kasturba. Gandhi alikesha akitembea huku na huko chumbani. Aliona kuwa anayeutumikia umma hapaswi kulipwa kwa vito. Kulipokucha alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuziweka zawadi zote chini ya wadhamini, zitumiwe kwa manufaa ya jamii.

Wanawe walikubali upesi. Kasturba alikataa. Alimkumbusha mumewe kwamba alikwisha kumvua mapambo yake ya awali, na kwamba mkufu ule ungewafaa wakaza wana wao siku za usoni. Gandhi alipodai kuwa zawadi ilitokana na utumishi wake yeye, mkewe alimjibu kwa machozi kuwa utumishi huo ulikuwa wake pia, kwani yeye ndiye aliyetaabika usiku na mchana kuwahudumia wageni wa mumewe. Hoja hiyo ilikuwa nzito. Kasturba alikubali hatimaye, ila kwa shingo upande, na zawadi zikarudishwa. Kisa hiki chadhihirisha kuwa ni rahisi mtu kuitoa mali yake. Tatizo huzuka anapoitoa ile ambayo mwenzake naye ana haki nayo.

Mwaka wa 1904, baada ya kusoma kitabu cha John Ruskin ndani ya garimoshi kutoka Johannesburg hadi Durban, alianzisha makazi ya Phoenix, ambako watu waliishi kwa kulima na kupiga chapa gazeti. Mwaka wa 1910 likafuata Shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg, katika ardhi iliyotolewa na rafiki yake, Hermann Kallenbach.

Alirejea India mwaka wa 1915. Septemba 1921, mjini Madurai, aliacha kofia na fulana, akabaki na shuka fupi kiunoni. Alikuwa akiwahimiza watu waache nguo za kigeni, ilhali maskini hawakuweza kununua vazi kamili la kitambaa kilichofumwa nyumbani. Mwaka wa 1931 aliingia katika kasri la mfalme wa Uingereza akiwa amevaa shuka na mtandio, katika jiji lilelile alikovaa kofia ya shilingi 19.

Kasturba alifariki akiwa kizuizini mjini Pune mnamo Februari 1944. Gandhi mwenyewe aliuawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948, akiacha vitu vichache mno. Machi 2009, miwani yake, makubadhi, saa, sahani na bakuli vilipigwa mnada New York kwa dola milioni 1.8. Walionunua na waliouza walishindania vitu ambavyo mwenyewe alikwisha kuvigawa.