Félix Éboué, gavana aliyeasi na kuvikwa msalaba adimu

Wakusanyaji wa nishani za vita za Ufaransa huutafuta Msalaba wa Ukombozi kuliko nyingi nyingine. Ni ngao ndogo ya shaba, ya mstatili, yenye upanga ulio wima, na juu ya upanga huo msalaba mweusi wa Lorraine wenye mikono miwili. Utepe wake ni wa rangi mbili: nyeusi kwa msiba wa nchi iliyotekwa, kijani kwa matumaini. Katika tepe za mwanzo mistari myeusi ilikwenda mshazari, na baadaye ikawekwa wima. Kwa jicho lililozoea, tofauti hiyo peke yake huanza kueleza umri wa nishani.

Lakini shaba haisemi yote. Nishani za Ufaransa, tofauti na nyingi za Uingereza, kwa kawaida hazichongwi jina la aliyetunukiwa. Nakala nazo ni tele. Mwenye msalaba bila hati zake ana kipande cha madini tu; thamani imo katika jina lililoandikwa kwenye amri ya kutunuku. Na amri ya kwanza, ya Januari 29, 1941, ilikuwa na majina matano. Mojawapo lilikuwa la mtu mweusi, Félix Éboué.

Alizaliwa Desemba 26, 1884, mjini Cayenne, katika Guyana ya Ufaransa, mjukuu wa watumwa. Akili yake ya darasani ilimpatia msaada wa masomo mjini Bordeaux, na kutoka huko akaingia Paris kwenye chuo kilichowaandaa watawala wa makoloni. Mwaka 1908 alihitimu, akapelekwa Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alikaa huko takriban miaka ishirini, akijifunza lugha na mila za wenyeji, huku cheo kikipanda polepole.

Baadaye alihudumu Martinique na Sudan ya Ufaransa, yaani Mali ya leo. Mwaka 1936 alifanywa gavana wa Guadeloupe, na mwishoni mwa 1938 akahamishiwa Chad. Wako waliouona uhamisho huo kuwa adhabu, maana Chad ilikuwa jangwa, mbali na kila kitu.

Juni 1940 Ufaransa ilisalimu amri mbele ya Ujerumani. Serikali ya Marshal Pétain, iliyofanya makao yake katika mji wa Vichy, ilikuwa na mihuri yote, nayo ikawataka maofisa wa makoloni watii. Jenerali Charles de Gaulle alikuwa London, mkimbizi mwenye askari wachache na maikrofoni ya redio. Kwa mtumishi wa serikali mwenye mke, watoto na pensheni ya kufikiria, hesabu ilikuwa wazi.

Éboué alipiga hesabu nyingine. Kaskazini ya Chad palikuwa na Libya, iliyoshikwa na Waitalia. Biashara ya Chad ilitegemea Nigeria, koloni la Waingereza. Tena alijua nadharia ya ubaguzi wa rangi ingemweka wapi mtu kama yeye. Agosti 26, 1940, pamoja na Kanali Marchand na mjumbe wa de Gaulle, René Pleven, alitangaza mjini Fort-Lamy, sasa N'Djamena, kwamba Chad inaungana na Ufaransa Huru. Lilikuwa eneo la kwanza la Ufaransa barani Afrika kufanya hivyo. Siku mbili hazikupita ila Cameroon na Brazzaville zikafuata.

Vichy ilimfukuza kazi na kumhukumu kifo bila yeye kuwapo. Anayeijua hali ya kuitwa msaliti na serikali ya nchi yake hahitaji kuelezwa uzito wa karatasi kama hiyo.

Novemba 1940 de Gaulle alimfanya Gavana Mkuu wa Afrika ya Ikweta ya Ufaransa, na mwezi huohuo akaanzisha Nishani ya Ukombozi akiwa Brazzaville. Hadi orodha yake ilipofungwa, walioipata walikuwa watu 1,038, vikosi 18, na miji na vijiji vitano tu. Kutoka Chad, Kanali Leclerc aliivuka jangwa na kuiteka Kufra, Libya, Machi 1, 1941.

Haifai kumpamba kupita kiasi. Éboué alitetea heshima kwa machifu na mila, lakini hakutaka koloni livunjwe. Na gharama ya vita, ya mpira na ya barabara, ilibebwa na migongo ya Waafrika waliolazimishwa kufanya kazi. Mkutano wa Brazzaville wa mwaka 1944, alioushiriki, uliahidi mageuzi na kukataa kujitawala.

Alifariki Cairo Mei 17, 1944, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Mei 1949 mabaki yake yaliingizwa Panthéon mjini Paris, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuzikwa humo. Siku hiyohiyo aliingizwa pia Victor Schœlcher, mwanasiasa aliyesimamia amri ya 1848 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Ufaransa.