HANSIE CRONJE: Nahodha mlokole aliyeuza mechi vipande vipande

Juzi kwenye kibanda umiza kimoja hapa Nsemulwa palichimbika. Mkeka wa kijana mmoja ulichanika dakika za majeruhi, basi akaapa mbele ya watu wote kwamba ile mechi imeuzwa. Wenzake wakamcheka. Eti mechi za wakubwa haziuzwi, zinazouzwa ni hizi zetu. Wakakumbushia 2016, ligi daraja la kwanza, Geita Gold inashinda 8-0 na Polisi Tabora inashinda 7-0, wote wawili wanawania kupanda Ligi Kuu. TFF ikawashusha daraja, na waliofungwa nao wakashushwa, Mbao FC ya Mwanza ikapanda kiulaini. Hiyo tunaijua, Tabora si mbali, treni yetu ndiko inakoelekea.

Ila hilo la kwamba wakubwa hawauzi nalikataa. Ngoja niwape habari za marehemu Hansie Cronje, nahodha wa kriketi wa Afrika Kusini. Najua wengi wenu kriketi hamuifuatilii, hata mimi nimejifunza ukubwani. Kwa kifupi: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo bapa halafu anakimbia kujikusanyia pointi, zinaitwa mikimbio. Mechi ndogo inaisha siku moja, kubwa (Test) inakwenda mpaka siku 5. Na kila mrusho, kila mpigaji, watu wanawekea pesa. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Jamaa alizaliwa Bloemfontein tarehe 25 Septemba 1969, Kaburu wa familia ya michezo. Nchi yake ilikuwa imefungiwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ikaruhusiwa kurudi 1991, na 1992 Cronje tayari yumo kwenye timu. 1994, Mandela ndio kwanza ameingia madarakani, dogo akapewa unahodha akiwa na miaka 25 tu. Aliongoza Test 53, akashinda 27. Mechi za siku moja 138, akashinda 99! Isitoshe alikuwa mlokole, mtu wa sala. Wazazi walikuwa wanawaambia watoto wao wawe kama Hansie.

Kumbe mwenzetu alianza kitambo. Mwaka 1996 wakiwa India alipokea dola 30,000 za mcheza kamari ili timu yake ipoteze mechi Kanpur. Pesa akaweka mfukoni, wenzake hakuwaambia kitu, na mechi wakafungwa vilevile bila kuuzwa. Pesa ya bure kabisa, jamani! Nadhani hiyo ndiyo iliyommaliza, maana mtu akila mara moja bila kutoa jasho, kuacha ni kazi.

Januari 2000 wanacheza na Uingereza, Centurion. Mvua ikala siku 3 nzima, mechi inaelekea sare. Usiku kabla ya siku ya mwisho mcheza kamari mmoja akamfuata, anataka mshindi apatikane, asiyataki masuala ya sare. Cronje akamwendea nahodha wa Uingereza na ofa: kila timu iachie zamu moja, halafu wapigane siku iliyobaki. Kitu hicho kilikuwa hakijawahi kutokea kwenye Test. Uingereza, ambao hawakujua lolote, wakakubali na wakashinda. Magazeti yakamsifu Cronje kwa uanamichezo. Malipo yake? Randi 53,000 na jaketi la ngozi. Jaketi! Nahodha wa taifa.

Miezi miwili baadaye wako tena India, na hapa ndipo mimi roho inaniuma zaidi. Aliwagusia wachezaji wakubwa Wazungu, wakaona anatania, ikaishia hapo. Ndipo akawageukia Herschelle Gibbs na Henry Williams, vijana machotara, kundi ambalo enzi za ubaguzi lisingeweza hata kusogelea timu ile. Williams namba yake ilikuwa haijakaa sawa. Sasa bosi anayechangia kuamua kama utacheza anakuletea dili, utamjibu nini? Gibbs aliambiwa apige chini ya mikimbio 20, Williams aruhusu zaidi ya 50, kila mmoja dola 15,000. Wote wakakubali.

Siku ya mechi, Nagpur, Gibbs akaanza kupiga mipira inamkubali, akasahau biashara, akapiga 74. Williams akarusha mipira 11 tu, bega likagoma, akatoka. Afrika Kusini wakashinda. Dili likafa lenyewe, na hakuna aliyelipwa.

Lakini polisi wa Delhi walikuwa wananasa simu kwa ajili ya kesi nyingine kabisa, ya watu wanaotishia wafanyabiashara. Wakasikia sauti ya nahodha anapanga bei na mcheza kamari Sanjeev Chawla. Tarehe 7 Aprili 2000 wakatangaza. Afrika Kusini nzima ikawaka, wakasema Wahindi wamemzushia. Cronje naye akakana katakata. Siku 4 baadaye, saa 9 usiku, akampigia simu mkuu wa kriketi Ali Bacher akikiri kwamba hakusema ukweli wote. Asubuhi akavuliwa unahodha.

Juni ile akakaa mbele ya tume ya Jaji King, Cape Town, siku kadhaa za maswali, akasema ni Shetani aliyempitia na tamaa ya pesa. Alisisitiza hajawahi kuuza mechi nzima. Labda. Lakini aliyeweka pesa yake halali kwenye mikimbio ya Gibbs angekuwa ameibiwa vilevile. Oktoba 2000 akafungiwa maisha.

Akaajiriwa kwenye kampuni ya mitambo, kazi ya mahesabu. Tarehe 1 Juni 2002 alikuwa anarudi nyumbani George, akaomba lifti kwenye ndege ya mizigo. Mawingu yalikuwa mazito, ndege ikagonga milima ya Outeniqua. Walikufa yeye na marubani wawili. Alikuwa na miaka 32. Maneno yakawa mengi, eti ameuawa asitaje wengine, lakini uchunguzi wa mahakama 2006 ulisema ni makosa ya marubani.

Na msidhani ni Makaburu tu. Agosti 2004 Maurice Odumbe wa Kenya, nahodha aliyewapiga West Indies Kombe la Dunia 1996, alifungiwa miaka 5 kwa kupokea pesa za mcheza kamari, ingawa mwenyewe alikana. Chawla yeye aliishi Uingereza miaka yote hiyo mpaka Februari 2020 aliporudishwa India.

Mwaka huohuo 2004 Waafrika Kusini walipiga kura ya watu wao wakuu wa nyakati zote, Cronje akashika nafasi ya 11. Gibbs na Williams walifungiwa miezi 6 kila mmoja. Gibbs alirudi, akacheza mpaka 2010. Williams hakuichezea tena Afrika Kusini.

Wale wa kibanda umiza mkipita hapa, leteni hoja zenu chini.