Émile Benveniste (1902–1976) na Suala la Nafsi

Émile Benveniste alizaliwa mwaka 1902 mjini Aleppo, Syria, iliyokuwa sehemu ya Dola ya Uthmania, katika familia ya Kiyahudi. Alipelekwa Paris angali mtoto, akawa mwanafunzi wa Antoine Meillet, na mwaka 1937 akateuliwa kuwa profesa katika Collège de France. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitekwa na Wajerumani, akatoroka na kupata hifadhi Uswisi.

Mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu nafsi katika kitenzi. Sarufi za Ulaya, kwa kufuata Wagiriki, ziliorodhesha nafsi tatu kana kwamba zina hadhi sawa. Benveniste aliwarejea wanasarufi wa Kiarabu, ambao kwao nafsi ya kwanza ni msemaji, ya pili ni msemeshwa, na ya tatu ni aliye ghaibu. Kwa hoja yake, aliye ghaibu hashiriki mazungumzo. Hivyo, si nafsi hasa. Miongoni mwa ushahidi wake ni Kituruki, ambamo kitenzi cha nafsi ya tatu umoja hakina kiambishi cha nafsi.

Kiswahili huitahini hoja hiyo. Kiambishi a- si mofimu kapa. Kwa upande wa umbo, basi, hoja haithibitiki. Lakini ni-, u-, tu- na m- haviathiriwi na ngeli, ilhali nafsi ya tatu hugawanyika katika a-, ki-, li-, i- na kadhalika. Kimfumo, tofauti aliyoiona ipo.

Alidai pia kwamba sisi si wingi wa mimi, bali ni mimi pamoja na wengine. Ndiyo maana lugha kadhaa hutenga sisi inayomjumuisha msemeshwa na ile isiyomjumuisha, kama tayo na kami za Kitagalogi. Kiswahili hakina utengano huo.

Mwaka 1958 alisisitiza kwamba binadamu hujitambua kuwa nafsi kwa kusema mimi mbele ya wewe. Desemba 1969 alipatwa na kiharusi kilichompokonya uwezo wa kusema. Aliishi hivyo karibu miaka saba, akiwaelewa waliomsemesha, hadi alipofariki mwaka 1976. Maisha yake yameiachia nadharia yake swali zito: je, asiyeweza tena kusema mimi, lakini bado huitwa wewe na kuelewa, amehesabiwa wapi?