Mzanaki na Lugha ya Taifa: Maisha ya Julius Kambarage Nyerere

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Bi. Mugaya. Mazingira aliyokulia hayakuwa ya lugha moja. Upande wa Musoma walikuwapo Wakwaya na Wajita. Upande wa Bunda, Waikizu na Wasizaki. Kaskazini, Wakuria na Wajaluo, ambao lugha yao haimo kabisa katika jamii ya Kibantu. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na huko Kiswahili kikawa lugha yake ya masomo. Tabora, Makerere na Edinburgh vilimwongezea Kiingereza. Mwaka 1953 alimwoa Maria Waningu, Msimbiti; hivyo hata nyumba yake ilivuka mpaka wa lugha.

Wasifu wake mwingi huanzia TANU, mwaka 1954. Kwa mwanaisimu, kituo cha mwaka uliofuata hakistahili kurukwa. Baada ya kuacha ualimu Pugu, alirejea Musoma akamfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll, na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Si kweli, basi, kwamba aliidharau lugha ya mama.

Alipotwaa madaraka, msimamo wake ulikuwa na pande mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Oktoba 1961, wajumbe kadhaa wa Bunge walipotaka uraia uwe wa Waafrika pekee, aliweka uongozi wake rehani ili Waasia na Wazungu wasibaguliwe. Januari 1964 alikomesha upendeleo wa rangi katika ajira ya serikali. Huo ni usawa wa mtu mmoja mmoja. Kabila, kama kundi, halikupewa nafasi katika dola. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, ukiwamo uchifu wa nduguye, Edward Wanzagi. Hotuba yake ya Desemba 1962, iliyounda wizara ya utamaduni, ilikusudia mila bora za makabila yote ziunde utamaduni mmoja wa taifa. Ngoma ziliingia katika mradi huo, lugha hazikuingia. Kuanzia 1967 Kiswahili kilitawala shule zote za msingi, na Kizanaki hakikupata darasa wala redio.

Kwa maoni yangu, uamuzi huo ulieleweka mwaka 1962, kwa kuwa ukabila ulikuwa tishio halisi kwa nchi nyingi za jirani. Linalotia shaka ni kuendelea nao kwa miongo mitatu baada ya tishio kupungua. Sera ya Utamaduni ya 1997 ndiyo iliyohimiza lugha za jamii ziandikwe na kutafitiwa, lakini haikuzifungulia mlango wa shule.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Tafsiri alizochapisha, za Shakespeare mwaka 1963 na 1969 na tenzi za Biblia miaka ya 1990, ni za Kiswahili. Kazi ya kuziandikia lugha za Mara tahajia na sarufi imefanywa zaidi na wamisionari na watafiti.