Mfalme Albert wa Wabelgiji

Albert alizaliwa Brussels mwaka 1875, akatawazwa mwaka 1909. Nchi yake ilikuwa ndogo. Tangu mwaka 1839 mataifa makubwa yalikuwa yamewekeana mkataba kwamba Ubelgiji isiingizwe katika vita vyao.

Mwezi wa Juni 1914 mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa huko Sarajevo. Austria ikaipiga Serbia; Urusi ikaitetea Serbia; Udachi ikasimama na Austria, na Ufaransa ilikuwa rafiki wa Urusi. Ndivyo ugomvi wa wawili ulivyokuwa wa wote. Wadachi walitaka kuwashinda Wafaransa upesi, na njia nyepesi ilipita Ubelgiji. Tarehe 2 Agosti walimtaka Albert awape njia, wakampa saa 12 tu za kujibu. Alijua jeshi lake ni dogo mno, naye akakataa. Tarehe 4 wakavuka mpaka, na siku ile ile Waingereza wakaingia vitani.

Albert alibaki na askari wake nyuma ya mto Yser, katika pembe ya nchi iliyosalia.

Serikali yake ilitaka Kongo isiguswe na vita, lakini mwezi ule wa Agosti meli ya Wadachi ilipiga Lukuga, katika Ziwa Tanganyika. Baadaye askari wa Kongo walitwaa Tabora, tarehe 19 Septemba 1916. Waingereza walikuwa wamekwisha kutwaa Kilosa mwezi wa Agosti. Wapagazi wengi walikufa njiani, watu wasiokuwa na neno lo lote na Sarajevo.

Novemba 1918 Albert aliingia tena Brussels, amepanda farasi. Alikufa mwaka 1934, alipoanguka akipanda mwamba.