Maisha ya Bwana Gary Kildall

Kila kompyuta, iwe ya ofisini au ya shuleni, ina programu inayosimamia kazi za mashine ikisha kuwashwa. Programu hiyo huitwa mfumo endeshi. Kazi yake ni kama ya nyapara: programu nyingine zikitaka kuandika kwenye diski, kusoma kibodi au kuonyesha kitu kwenye skrini, hazivigusi vyombo hivyo zenyewe, bali humwagiza nyapara. Siku hizi mnunuzi aweza kuchagua mfumo wa kulipiwa, kama Windows, au mfumo huria, kama Linux. Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hii ni Bwana Gary Kildall wa Marekani, na maisha yake yatufundisha mengi juu ya kuchagua.

Alizaliwa tarehe 19 Mei, 1942, katika mji wa Seattle. Jamaa zake walikuwa na shule ya ubaharia, naye alifundisha humo kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Washington. Nia yake ilikuwa awe mwalimu wa hesabu, lakini kompyuta zikamvuta. Alipotakiwa kuingia Jeshi la Majini, alipelekwa kufundisha katika chuo cha wanamaji huko Monterey, California. Mwaka 1972 alipata shahada ya udaktari.

Siku zile kompyuta zilikuwa mali ya serikali na makampuni makubwa. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa kifaa kidogo, 4004, chenye uwezo wa kufanya hesabu za kompyuta. Wengi walikiona kuwa cha kuongozea mitambo tu. Kildall aliona kwamba kifaa cha namna hiyo chaweza kuwa moyo wa kompyuta kamili ya mtu mmoja. Akafanya kazi Intel kama mshauri na kuwatungia lugha ya kuandikia programu, PL/M. Mwaka 1974 akatunga mfumo endeshi ulioitwa CP/M, ili kompyuta ndogo iweze kuweka na kusoma habari katika diski. Intel hawakuutaka. Basi yeye na mkewe Dorothy wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Digital Research, katika mji mdogo wa Pacific Grove.

Yafaa tuelewe werevu wake ulikuwa wapi. Kila kiwanda kilitengeneza kompyuta kwa namna yake, na programu ya mashine moja haikufaa katika nyingine. Kildall alikusanya mambo yote yanayohusu vyombo vya mashine fulani katika sehemu moja ndogo ya mfumo, aliyoiita BIOS. Mwenye kiwanda alirekebisha sehemu hiyo tu, na CP/M yote iliyobaki ikafanya kazi bila kubadilishwa. Kwa njia hiyo mtungaji aliandika programu yake mara moja, ikatumika katika mashine za makampuni mengi. Mnunuzi naye hakufungwa tena na kiwanda kimoja. Hadi kufikia mwaka 1980, CP/M ilikuwa imeenea kuliko mfumo mwingine wowote katika kompyuta ndogo za maofisini.

Mwaka huo IBM ilitaka kutengeneza kompyuta ndogo, na wajumbe wake wakaja Pacific Grove. Asubuhi ile Kildall alikuwa amerusha ndege yake kwenda kwa mteja. IBM walimtaka Dorothy atie sahihi karatasi ya kutunza siri, naye akasita. Waliokuwapo hawakuyaeleza sawasawa yaliyofuata, lakini mkataba haukupatikana. IBM wakaenda kwa Microsoft, kampuni ya Bill Gates na Paul Allen. Microsoft wakanunua mfumo uliotungwa na Tim Paterson wa Seattle, ambao ulifuata sana namna ya CP/M, nao ukawa PC DOS na MS-DOS.

Kompyuta ya IBM ilitoka mwezi wa Agosti, 1981. Kildall alilalamika kwamba mfumo ule umefanana mno na wake, na IBM wakakubali kuuza CP/M-86 pia. Sasa mnunuzi alikuwa na hiari. Lakini dukani aliikuta PC DOS kwa dola 40, na CP/M-86, iliyochelewa kwa miezi kadhaa, kwa dola 240. Kildall aliamini kwamba IBM waliipanga bei hiyo makusudi. Wanunuzi wakafuata bei, watungaji wa programu wakafuata wanunuzi, na wanunuzi wapya wakafuata programu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sokoni si hivyo sikuzote.

Kildall hakukaa akinung'unika tu. Alishiriki kutangaza kipindi cha televisheni kilichowaeleza watu wote habari za kompyuta, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutia kamusi elezo katika diski ya CD. Mwaka 1988 kampuni yake ilitoa DR DOS, mfumo ulioweza kuendesha programu za MS-DOS. Mwaka 1991 kampuni iliuzwa kwa Novell. Yeye alifariki Monterey tarehe 11 Julai, 1994, siku tatu baada ya kuumia kichwa, akiwa na umri wa miaka 52.

CP/M na DOS zote mbili zilikuwa bidhaa za kampuni. Mnunuzi alipewa programu, lakini hakupewa haki ya kuibadili na kuigawa. Haki hiyo ndiyo waliyoitafuta watu wa programu huria: Richard Stallman aliyetangaza kazi ya GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliyetoa Linux mwaka 1991. Mfumo huria wa namna hiyo haulipiwi ada, na ajuaye aweza kuutengeneza. Hata hivyo una gharama yake, maana lazima watu wafundishwe, na programu nyingine zilizozoeleka hazipatikani humo.

Basi mzazi au mwalimu anayechagua kompyuta asitazame bei ya siku ya kwanza peke yake. Aulize pia: Programu ninazozihitaji zitafanya kazi? Nikitaka kuhama kesho, kazi yangu itahama nami? Nani ana ruhusa ya kuurekebisha mfumo ukiharibika? Wanunuzi wa mwaka 1982 walilinganisha 40 na 240, na uamuzi wao ukaongoza soko kwa miaka mingi.

Mwaka 2014 jumba la makumbusho ya kompyuta huko California lilitoa hadharani maandishi ya matoleo ya kwanza ya MS-DOS, kisha ya CP/M. Mifumo iliyoshindana kwa siri na bei sasa yaweza kusomwa na mwanafunzi yeyote anayetaka kujifunza.