Mwalimu Sam Ntiro, Mchoraji wa Migomba

Kwenye kijitabu cha yubile ya kwaya mngetarajia kusoma habari za mtunzi wa nyimbo. Mtuwie radhi, ukurasa huu tumempa mchoraji. Wanakwaya watakaousoma hadi mwisho wataona kwamba shida aliyokuwa nayo wanaijua vizuri.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mahali ambapo wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefungua kituo tangu 1893. Aliyewahi kufika Moshi kwa basi anaijua nchi hiyo: nyumba zimejificha ndani ya migomba, kahawa imepandwa chini yake, na mifereji iliyochimbwa na wazee hupeleka maji kutoka shamba hadi shamba. Hayo ndiyo aliyoyaona utotoni, na hayo ndiyo aliyoyachora mpaka uzeeni.

Miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda, akafundishwa na Bi. Margaret Trowell. Mama huyu, mke wa daktari, aliwahi kuishi Ukambani kabla ya kuhamia Kampala, na mwaka 1937 alianza darasa la uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wanakili. Aliwasimulia tukio, kila mmoja akaliona kwa akili yake, kisha akalichora. Mkenya Gregory Maloba alipitia mikono hiyohiyo. Ndiye aliyechonga mnara wa Uhuru ulioko Kampala, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Ntiro naye alipomaliza masomo alibaki Makerere kuwa mwalimu.

Mwaka 1952 akasafiri hadi London, kwenye shule ya sanaa ya Slade, akakaa miaka mitatu. Pale mwanafunzi alichora mtu aliyekaa mbele yake, akapima viungo, akatia kivuli, akafanya kilicho mbali kionekane kidogo. Ntiro alijifunza hayo yote. Ila aliporudi na kushika brashi, picha zikatoka kama zamani: rangi bapa zisizo na kivuli, kijani kila mahali, watu wadogo wadogo wanaofanya kazi pamoja, wa mbali na wa karibu wakilingana. Wapo waliomwambia kwamba anachora kama mtoto, na kwamba elimu ya Ulaya imempita bure. Hakubadilika.

Kila anayeimba sauti ya nne hapa Kayole ameusikia ubishi huo. Wimbo wa nota kutoka ng'ambo huitwa kazi ya kisomi, lakini ukiletwa wa nyumbani wenye kayamba na vigelegele, kuna atakayeuliza kama kweli tumefanya mazoezi. Kwa maoni yetu waliomkosoa Ntiro walikosea mahali pamoja: walidhani hakuweza, kumbe alichagua.

Alichora watu wakichimba mfereji, wakivuna kahawa, wakijenga nyumba. Picha yake ya mwaka 1956 ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, moja ya majumba makubwa kabisa ya aina hiyo duniani. Inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. (Wazee wa kanisa wasishtuke. Kwa Wachaga bila mbege hakuna posa.)

Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, naye hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada ya Oxford, mwaka 1954. Aliporudi Uganda kufundisha, alikuta mwalimu mwanamke analipwa chini ya mwanamume mwenye elimu ileile. Akasema basi atafundisha bila mshahara, mpaka serikali ikaona aibu ikalipa sawa.

Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, Mwalimu Nyerere alihitaji mtu wa kuiwakilisha nchi London. Alimtuma mwalimu huyu wa kuchora. Ntiro akarudi kama balozi kwenye jiji alilokuwa amesomea, akahudumu hadi 1964, na brashi hakuiweka chini. Baadaye alisimamia mambo ya utamaduni katika serikali ya Tanzania, kisha akarudi darasani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika idara iliyoweka uchoraji, muziki na maigizo chini ya paa moja. Alifariki mwaka 1993.

Picha ya New York iko mbali na nauli yetu. Lakini kazi ya Mchaga mwingine aliyesomea Makerere, Elimo Njau wa Marangu, iko karibu. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, alichora ukutani mwaka 1959 maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, na nchi inayoonekana nyuma yake ni vilima vya Murang'a wenyewe. Kwaya ikialikwa upande huo, ombeni dakika chache kabla ya kupanda basi la kurudi, mkazione.